Kura hazikutosha, nimekubali, lakini moyo bado. Mlivukaje?

Mratibu_wa_Mawakala:
Wakuu, salamu. Mgombea wetu wa udiwani ameshindwa, tena kwa tofauti ndogo. Mimi nilikuwa nasimamia mawakala: nani yuko kituo gani, nani hajafika, nani fomu yake ya matokeo haijasainiwa. Usiku wa kuhesabu nilikuwa naandika namba kila zinapoingia kwa simu, na karibu usiku mzima tulikuwa mbele. Vituo vya mwisho vilipoingia, tukapitwa.

Mgombea mwenyewe amekubali, kampigia mwenzake simu na kumpongeza. Mimi ndiye nimebaki pale pale. Naamka usiku nawaza kituo kimoja tulichokosa kwa kura chache. Mawakala wananipigia, nashindwa kupokea, sijui niwaambie nini. Wengine ni vijana waliokuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza. Halafu dada yangu, tunayeishi naye nyumba moja, alimchagua huyo mwingine. Ananiambia, "Siasa hizo, zimepita." Kwangu hazijapita. Sisi tulikuwa tunataka zahanati iwe na mkunga usiku, maana wajawazito wanateseka.

Kila mtu ananitupia ule msemo wa asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali jamani. Maumivu hayajaondoka. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Mama_Shuleni:
Pole sana mdogo wangu. Ulichofiwa ni kitu, na una haki ya kukilia. Nikupe jambo moja lililonisaidia. Mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake walichapisha mwaka 1998 utafiti ambao sehemu yake ilihusu wapiga kura wa uchaguzi wa gavana wa Texas wa 1994. Waliokuwa upande ulioshindwa walikadiria kabla ya kura kwamba wangeumia sana. Mwezi mmoja baadaye walikuwa na nafuu kuliko walivyokuwa wamekadiria. Kwa hiyo usiuamini moyo unapokwambia utakuwa hivi mwaka mzima. Kwa sasa lala, kula, na redio ya uchambuzi izime. Wachambuzi watakuwepo tu.

Mzee_wa_Ubao:
Binti, mimi niligombea mwenyewe. Nimesimama mbele ya ubao wa matokeo, jina langu likiwa la pili, watu wananitazama usoni waone nitafanya nini. Kwa hiyo hili nalijua.

Watakuja wa kukutia moyo kwa kukutajia Lula da Silva wa Brazil, aliyeshindwa 1989, 1994 na 1998 akashinda 2002, au Hakainde Hichilema wa Zambia, aliyeshindwa mara tano kabla ya 2021. Ni kweli, na ni watu wa kuheshimiwa. Lakini mimi mifano hiyo haikunituliza hata kidogo, kwa sababu wengi wanaoshindwa hawarudi kushinda, na mkunga hawezi kusubiri uchaguzi mwingine. Mtu niliyemfikiria zaidi ni Al Gore wa Marekani. Mwaka 2000 alipata kura za wananchi zaidi ya nusu milioni kumzidi George W. Bush nchi nzima, lakini kwa kuwa huko ushindi huhesabiwa jimbo kwa jimbo, akakosa urais kwa kura 537 za jimbo la Florida, baada ya Mahakama ya Juu kusimamisha kuhesabu upya. Desemba 13 akatangaza kwamba amekubali. Urais hakuupata tena, wala hakuugombea tena. Suala la mabadiliko ya tabianchi, alilolibeba tangu zamani, aliendelea nalo bila cheo chochote, na 2007 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa.

Sasa nakuuliza wewe: huyo mkunga mlimtaka kwa sababu ya kampeni, au kampeni mliifanya kwa sababu yake? Umeshajibu mwenyewe hapo juu. Basi una orodha ya watu walioaminika kukaa kituoni tangu alfajiri mpaka kuhesabu kunaisha. Watu wa aina hiyo hawapatikani kirahisi. Wapigie. Usiwaahidi uchaguzi ujao. Washukuru mmoja mmoja kwa jina la kituo chake, halafu nyamaza, wasikilize. Wao pia wanaumia, na wakikuona umejificha watadhani kazi yao haikuwa na maana.

Kuhusu dada yako, usimlazimishe aomboleze msiba ambao si wake. Ila neno "zimepita" mwambie linakuumiza. Mwambie mkiwa mmetulia, asubuhi, kabla hamjasikia taarifa ya habari.

Kijana_wa_Fomu:
Shikamoo mzee. Naheshimu maneno yako, ila wengine hatukushindwa, tuliibiwa. Nasi tutulie tu?

Mzee_wa_Ubao:
Marahaba mwanangu. La hasha. Kama una fomu za vituo na hazilingani na jumla iliyotangazwa, mpeleke mgombea wako kwa wakili leo, maana muda wa kufungua kesi ya uchaguzi huwa mfupi. Malawi waliupinga uchaguzi wa urais wa Mei 2019, na ushahidi mmojawapo ulikuwa fomu zilizofutwa kwa wino mweupe. Februari 3, 2020 mahakama ikaufuta, na mwezi Juni wakapiga kura upya. Kilichowabeba ni karatasi. Kama huna karatasi, una hisia tu, basi nakusihi kwa upendo usiwabebeshe wenzako hasira usiyoweza kuithibitisha. Vijana huumizwa barabarani kwa ajili hiyo, na nimeona kwa macho yangu.

Mratibu_wa_Mawakala:
Mzee wangu, Mama, asanteni. Swali lako la mkunga nimelisoma nikalia, kisha nikafungua orodha. Leo nimewapigia baadhi. Kijana mmoja hakuzungumzia matokeo kabisa, aliuliza tu kama ile ratiba ya kugawana vituo bado ipo, maana anaweza kuitumia kupita nyumba kwa nyumba kukusanya saini za kumdai mkunga. Sikuwa nimewaza hivyo. Dada kanisikia tunaongea, akasema saini yake iwemo.

Mzee, barua ya namna hiyo tuielekeze kwa diwani aliyeshinda, au moja kwa moja kwa mganga mkuu?

Mzee_wa_Ubao:
Kote kuwili, binti. Ya diwani mpelekee mkononi, na umpongeze kwanza. Nakala zako zigongwe muhuri wa kupokelewa.