Mafunzo ya siku 2 ya kuchunguza hatari ya kujiua: nianzie wapi?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Naandaa mafunzo ya wauguzi na matabibu 18 wa kituo cha afya kisicho na daktari wa akili. Nifundishe nini, niache nini? Wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua, unamtia wazo.

Muuguzi Akili: Anza na hofu hiyo hiyo. Tafiti zimelichunguza jambo hili mara nyingi, na kuuliza hakujaonekana kupandikiza wazo. Kisha kila mmoja atamke neno "kujiua" kwa sauti, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mtu anauliza "una mawazo mabaya?", mgonjwa anawaza madeni, fomu inajazwa na hakuna kilichojulikana. "Lakini hufikirii kujiua, eti?" ni baya zaidi, jibu limeshawekwa mdomoni.

Tumia ASQ, dodoso fupi la kuchunguza hatari ya kujiua la Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Maswali ni 4: wiki chache zilizopita umetamani ungekuwa umekufa? Umehisi wewe au familia yako mngekuwa na nafuu kama ungekufa? Wiki iliyopita umefikiria kujiua? Umewahi kujaribu kujiua? Ni sekunde 20 tu. Ndiyo hata moja, ongeza la tano: unafikiria kujiua sasa hivi? Akikubali, haachwi peke yake hata kwenda chooni, vya kujidhuru vinaondolewa, na haondoki kabla ya tathmini kamili. Akikataa, bado anahitaji tathmini fupi ya dakika 10 hadi 15 siku hiyo hiyo. Ndugu watoke chumbani kabla hujauliza lolote.

Mazoezi yafanyeni watatu watatu: mmoja muuguzi, mmoja mgonjwa, mmoja mtazamaji, kisha mbadilishane. Siku nzima ya pili iwe hiyo, slaidi punguza.

Mleta mada: Ahsante sana. Na anayeruhusiwa kurudi nyumbani? Huwa tunamwahidisha kwamba hatajiua.

Tabibu wa Wilaya: Ahadi hiyo haimlindi, inamtuliza mhudumu tu. Fundisha mpango wa usalama wa Stanley na Brown, wanasaikolojia wa Marekani, unaoandikwa na mgonjwa kwa maneno yake: dalili kwamba hali inaanza, anachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, nani wa kumwomba msaada, wahudumu wa kuwapigia, na namna ya kuyafanya mazingira yawe salama. Hili la mwisho hurukwa, nalo ndilo zito. Viuatilifu vya shamba vihifadhiwe na mtu mwingine, nje ya nyumba, chini ya kufuli.

Halafu mfuatilie. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi 5, ikiwemo Sri Lanka na India, ulitumia mazungumzo ya saa 1 na mawasiliano 9 ndani ya miezi 18. Vifo vya kujiua vilipungua ukilinganisha na huduma ya kawaida. Wiki ya kwanza usiikose.

Mfamasia: Msisahau dirisha la dawa. Mwenye hatari apewe dawa za wiki 1, hasa amitriptilini (dawa ya sonona), maana ikizidi inaharibu mapigo ya moyo.

Muuguzi Akili: Nyongeza: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo wengine watasema "nilikosea dawa". Wafundishe kuuliza tena, taratibu, faraghani, baada ya mgonjwa kutulia.