Tupeane uzoefu: mwendelezo wa gemu la kutisha ulikukuta vipi?

Mwanzilishi, Ng'ambo, Unguja

Assalaam alaykum wapenzi wa magemu. Kila unapotoka mwendelezo wa gemu la kutisha, wachezaji hugawika: wapo wanaosema kitisho kimepungua, na wapo wanaosema gemu limenoga zaidi kuliko la mwanzo. Mabishano ya wenzetu wa Marekani, Ulaya na Japani tumeyasoma sana, lakini ya kwetu bado hayajaandikwa, na naamini tunayo mengi ya kusema, hasa kuhusu Resident Evil 5. Naanza mimi, kisha kila mmoja aeleze gemu lake na mahali alipolichezea.

Gemu hilo lilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi wa Machi 2009, baada ya sehemu ya nne ya Resident Evil iliyotoka mwaka 2005. Sehemu ya nne ilitupeleka kwenye kijiji cha Uhispania, na wanakijiji wake walipopiga kelele kwa Kihispania, sisi katika banda la gemu tulizipokea kuwa ni kelele tu. Sehemu ya tano ikatupeleka Kijuju, mahali pa kubuniwa palipowekwa Afrika Magharibi, na wakaazi wake walioambukizwa wakaitwa Majini, wakapewa Kiswahili kuwa lugha yao. Kwa nini watu wa Afrika Magharibi wazungumze Kiswahili, hilo watalijibu waliotunga. Mimi naeleza kilichotokea bandani. Mwanzoni kabisa wahusika wakuu, Chris Redfield na mwenzake Sheva Alomar, wamejificha ndani ya kibanda na wanachungulia dirishani, na huko nje mtu mwenye kipaza sauti amesimama juu akiwapandisha hasira watu waliojaa uwanjani. Mchezaji wa Uingereza alikuwa akitazama, lakini sisi tulikuwa tukisikiliza. Matamshi yalikuwa ya kigeni, si ya Unguja wala ya bara, hata hivyo maneno yalikuwa yetu, na vijana waliokuwa wakimsemesha aliyeshika pedi ya kuchezea wakanyamaza wote, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutishwa na televisheni kwa lugha anayonunulia mkate dukani. Mwenye banda alikuja akapunguza sauti, akasema wapita njia watadhani humu ndani mna ugomvi.

Wageni walilalamika kwamba sehemu kubwa ya gemu hilo imo kwenye jua kali, silaha ni tele na muda wote una mwenza, na malalamiko yao yana haki. Kwangu mimi, hata hivyo, saa ile ya mwanzo ilitisha kuliko sehemu ya nne nzima.

Chake Chake, Pemba

Kwetu sisi shida ilianza kwenye hilo jina. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele, akanisikia nikimwambia mdogo wangu kwamba Majini wanakuja kwa mlango wa nyuma. Aliweka ungo chini na akaniita. Nilimweleza kwamba wale ni binadamu walioingiwa na vijidudu mwilini, si viumbe wale anaowafikiria, naye akanijibu: "Basi wawaite wagonjwa." Akanitaka nisiwataje tena kwa jina hilo baada ya Magharibi. Sikubishana naye, tangu siku ile nililicheza asubuhi tu, milango ikiwa wazi, na gemu lenyewe likapoteza nusu ya makali yake. Kwa hiyo wanaosema kwamba jua limeua kitisho cha sehemu ya tano wananikuta nikikubaliana nao, ingawa jua langu lilikuwa la Pemba.

Mwanakwerekwe, Unguja

Kaka mwanzilishi, naheshimu uliyoyaeleza, lakini mimi sikuogopa, niliumia. Filamu fupi ya matangazo ilipoonyeshwa mwaka 2007, wapo waandishi wa Marekani walioandika waziwazi kwamba picha ya mzungu mmoja akiwapiga risasi umati wa watu weusi inarejesha dharau za zamani, na wachezaji wengi waliwajibu kwa ukali kwamba hilo ni gemu tu. Baadaye nililicheza lote mpaka mwisho ili nisihukumu kwa kusikia. Sehemu za mjini nilizivumilia. Lakini unapofika kwenye vinamasi na kukutana na watu waliovishwa majani na vinyago, mikononi wameshika mikuki, ndipo nilipoona kwamba waliotunga hawakuitazama Afrika ya mwaka 2009 bali walirudi kwenye picha za zamani za wageni. Lugha yetu imetiwa ndani ya vinywa vya watu ambao hawana lolote la kusema ila vitisho. Sheva ameumbwa vizuri, ni hodari na ana historia yake, na nashukuru yumo, lakini mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Hakuna jini lililonikera kama hilo.

Mkoani, Pemba

Yangu ni mafupi. Mimi na kaka yangu tulilicheza kwa kuigawa skrini, yeye Chris na mimi Sheva. Kila mchezaji ana nafasi 9 tu za kuwekea vitu, na unapofungua mkoba gemu halisimami, maadui wanaendelea kukusogelea huku unatafuta dawa ambayo mwenzako ameshaitumia. Wanaosema mwenza huondoa hofu hawajacheza na kaka yangu. Sasa yeye yuko Muscat, na lilipotolewa upya kwa PlayStation 4 mwaka 2016 tulianza kulicheza kwa intaneti, na bado ananiitia dawa kwa sauti ile ile.

Bububu, Unguja

Nataka kuongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni sauti. Mtakumbuka kwamba Disemba 2009 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika na Unguja nzima ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Ami yangu alikuwa na jenereta aliyoiwasha kwa muda mfupi usiku ili kuokoa friji na kupandisha maji, nasi vijana tulikuwa tukigombania muda huo kwa ajili ya gemu. Nje giza totoro, mtaa mzima kimya, mtu angesema hapo ndipo mahali pa kuogopa kupita kote. Haikuwa hivyo. Mngurumo wa jenereta dirishani ulimeza kila kitu: hatua, pumzi, mlango unaofunguka nyuma yako, na bila ya vitu hivyo tukawa tunafyatua risasi tu, hakuna aliyeshtuka. Tangu wakati ule siamini maoni ya mchezaji anayesema gemu halitishi mpaka nimuulize alikuwa akisikiliza kwa kitu gani. Watu wengi waliobeza sehemu za mwendelezo walizicheza kwenye mabanda yenye televisheni sita zilizowashwa kwa pamoja.

Mji Mkongwe, Unguja

Kaka wa Bububu amesema kweli, na ushahidi wangu ni Resident Evil 2 iliyotengenezwa upya Januari 2019. Ile ya asili ni ya mwaka 1998, na bwana yule mrefu mwenye kofia na koti, anayeitwa Mr. X, alikuwemo tangu zamani, ila mchezaji alikuwa akikutana naye katika mzunguko wa pili wa hadithi. Katika toleo jipya anakuandama ndani ya kituo cha polisi cha Raccoon City, mji wa kubuniwa wa gemu hilo, humuui, unaweza kumpigisha goti kwa muda tu, na kila unapoingia chumbani unazisikia hatua zake nyuma ya ukuta au juu ya dari.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya ghorofa, na jirani wa juu hutembea kwa viatu vizito. Nililicheza usiku wa Ramadhani ya mwaka ule, baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, nikiwa nimevaa spika za masikioni ili nisiwaamshe wazee. Ikafika pahala sikujua tena hatua ninazozisikia ni za nani. Nilikuwa nikizitoa spika sikioni na kusikiliza, ni jirani. Nazirudisha, ni Mr. X. Mama alipogonga mlango kuniita daku niliiachia pedi ikaanguka. Wachezaji wa nje waliandika kwamba yule bwana aliwachosha kwa sababu hakuwapa nafasi ya kuchunguza vyumba kwa utulivu. Mimi naona wametaja hasa kile kilicholifanya toleo hilo kuwa bora: lilikunyima utulivu.

Wete, Pemba

Langu ni Silent Hill 2 ya mwaka 2001, na toleo lake jipya la Oktoba 2024. Kampuni ya Bloober Team ya Poland ilipotajwa kuwa ndiyo itakayoitengeneza upya, mashabiki wa zamani walihofia kwamba itaharibiwa, na ilipotoka wengi wao waliisifu. Kisa chake hakifuati cha sehemu ya kwanza isipokuwa mji wenyewe na ukungu wake: James, mhusika mkuu, amepata barua kutoka kwa mkewe, na mke huyo amekwishafariki miaka mitatu nyuma. Redio ndogo aliyonayo hukwaruza adui anapokaribia, na kwa saa nyingi hofu yako ni ule mkwaruzo tu. Mke wangu, ambaye alikuwa amefiwa na dada yake, alikaa pembeni akaisikia barua ile ikisomwa, akaniomba niizime. Niliizima. Nimeimaliza baadaye peke yangu, na ni katika magemu machache ambayo siyapendekezi kwa mtu kabla ya kujua yuko katika hali gani.

Mwanzilishi

Ahsanteni sana. Ndugu wa Mwanakwerekwe, maneno yako nimeyasoma zaidi ya mara moja, na nimekubali kwamba ukimya wetu pale bandani huenda ulikuwa na uchungu huo ndani yake, ingawa kwa umri ule hatukuweza kuutaja. Dada wa Mji Mkongwe amenikumbusha pia kwamba Capcom wenyewe walisikia malalamiko: baada ya sehemu ya sita ya Resident Evil ya mwaka 2012 kuzidisha mapigano, sehemu ya saba ya Januari 2017 ilimrudisha mchezaji ndani ya nyumba ya familia ya Baker, Louisiana, akiona kwa macho ya mhusika. Hiyo bado haijapata msimuliaji hapa. Aliyeicheza aandike, na aeleze pia alikuwa na nani chumbani.