Wauza kamera za mkanda, acheni kuandika "imefanyiwa servisi" wakati sponji za mlango zimeoza!

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina lugha ya kupamba, mnivumilie.

Nimechoka na hawa wauza kamera za zamani wa mitandaoni. Kila tangazo ni "imefanyiwa servisi kamili, weka mkanda upige". Servisi ipi? Kufuta vumbi na kupaka kiwi mkoba wa ngozi?

Nimenunua Pentax K1000 kwa bei ambayo nyumbani mpaka leo sijaitaja. Bodi haina mkwaruzo, lenzi ya milimita 50 safi haina fangasi, shata, lile pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, inaitika kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, sindano ya kupima mwanga inacheza. Kwenye tangazo kamera ilipigwa picha kila upande, mpaka tako lake. Sehemu moja tu haikuonyeshwa: ndani ya mlango wa nyuma, panapokaa sponji za kuzuia mwanga usiingie. Nikaambiwa, "Kaka, hii mashine, huna haja ya kuigusa."

Nikaenda nayo Bagamoyo kwenye posa ya mdogo wangu. Mkanda umesafishwa, naletewa picha: kila moja ina ukanda wa rangi ya chungwa upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini. Baba mkubwa, ambaye kwa heshima yake alikuwa anakalishwa kushoto muda wote, ameungua nusu uso kwenye karibu kila picha. Kanzu inaonekana, kofia inaonekana, jicho moja limemezwa na mwanga. Sasa nimwambie mzee arudie kupokea posa?

Nikampigia muuzaji. Sikilizeni majibu.

Kwanza akasema nimefungua mlango juani wakati wa kuweka mkanda. Ukifungua mlango juani unaunguza vipande vya mwanzo, pale mkanda ulipokuwa wazi. Wangu umeungua mpaka picha ya 36, na zilizoungua zaidi ni zile ambazo kamera ilining'inia shingoni juani muda mrefu kabla sijapiga inayofuata. Nilipopiga harakaharaka, ukanda ni mwembamba. Maana yake mwanga ulikuwa unaingia polepole kila kamera ilipotulia.

Akahamia kwenye "mkanda wako umepitwa na muda". Mkanda uliokwisha muda unafifia wote, rangi zinahama, picha inakuwa na ukungu kote. Hauchagui upande wa kushoto ukaacha wa kulia! Mwisho akasema labda ni mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege. Kaka, nimekwenda Bagamoyo kwa basi.

Nilipombana akanijibu kwamba vijana siku hizi wanaupenda huo mwanga, eti wanaongeza kwa programu kwenye simu. Nikakata simu kabla sijamvunjia heshima.

Nikafungua mlango, nikapitisha kucha kwenye mfereji unaouzunguka. Kucha ikatoka na kitu cheusi kinachonata kama lami ya saa saba mchana, na kidole hakikutakata kwa sabuni. Upande wa bawaba, panapotakiwa kuwa na kipande kipana cha sponji, pamebaki alama ya gundi na vichembe. Hapo ndipo mwanga unapita. Na kwa kuwa lenzi inapindua kila kitu, bawaba iliyo kulia ukiitazama kamera kwa nyuma inakuja kuonekana kushoto kwenye picha. Zile nilizopiga kamera ikiwa wima, ukanda umehamia juu au chini.

Silaumu waliotengeneza. K1000 ilianza kuuzwa 1976 ikatengenezwa hadi 1997, na sponji za kamera nyingi za Kijapani za miaka hiyo ni za poliurethani, ambayo unyevu wa hewa unaivunjavunja taratibu. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, tegemea uozo kuliko uzima. Kwa hiyo mtu anayeuza kamera ya umri huu hapa kwetu na hajui habari ya sponji, basi hajawahi hata kuifungua hiyo kamera. Au anajua. Sijui kipi kibaya zaidi.

Na mnaosafisha picha, nanyi mna lenu. Niliuliza dirishani, kijana akaniambia "ndiyo mikanda ilivyo, mzee". Hakuweka negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, kwenye taa hata mara moja! Nimeiweka mwenyewe. Kwenye negativu mwanga uliovuja unatoka mweusi, na weusi wangu umevuka mpaka wa picha ukaenda kwenye matundu ya pembeni. Ukiona umevuka hivyo, tafuta mlangoni. Ungeishia ndani ya fremu tu, na kingo zake zimenyooka, ningeshuku pazia la shata limetoboka, au kitu cha upande wa lenzi. Rangi nayo inasema: mkanda wa rangi una tabaka, la kunasa bluu liko juu upande wa lenzi, la kijani katikati, la nyekundu chini kabisa karibu na plastiki. Mwanga unaotokea nyuma unapita kwenye plastiki na kukutana na tabaka la nyekundu kabla ya mengine, ndiyo maana picha inatoka na moto ule wa chungwa. Hii ni kazi ya dakika mbili kwa mtu anayeshika negativu kila siku.

Hayo yote bado nilikuwa nayavumilia. Kilichonitoa machozi ni fundi. Nimeelekezwa kwa fundi mmoja hapa mjini, jina naliacha, nikamweleza: toa sponji iliyooza, weka mpya, basi. Akanirudishia kamera ambayo mlango unafungwa kwa kusukumwa na goti. Amebandika sponji ya kuzibia madirisha, nene, amejaza mpaka kwenye mifereji. Mlango usipokaa mahali pake, kile kibati cha ndani kinachokandamiza mkanda nacho hakikai sawa, mkanda haunyooki, na picha inapoteza ukali. Kitasa chenyewe kinabeba mzigo ambao hakikuundiwa. Halafu ile lami ya zamani hakuitoa, kaibandikia juu yake! Chembe nyingine zimeangukia kwenye pazia la shata, ambalo kwenye K1000 ni kitambaa. Likinata, shata inaanza kuburuza na hapo ugonjwa ni mwingine kabisa.

Nilipolalamika akasema, "Bosi, si mwanga hauingii tena?"

Nimeitoa yote mwenyewe. Kwa atakayekutwa na balaa hili: kijiti cha meno cha mti, vijiti vya pamba, alkoholi ya isopropili kidogokidogo, kamera ukiielekeza chini ili uchafu udondoke nje usiende kwenye shata. Pazia usiliguse hata kwa pamba. Angalia pia juu ya kioo cha ndani, pale kinapogonga kikipanda. Pana kipande kingine cha sponji kinachooza vilevile na kumwaga vumbi jeusi unaloliona ukichungulia. Kabla ya kubandika chochote nilizungushia mlango tepu nyeusi ya umeme upande wa bawaba tu, nikapiga nusu mkanda wa rangi wa bei ya chini, nikaibandua nikamalizia. Nusu ya kwanza safi, ya pili imeungua. Kwa hiyo tatizo ni bawaba, mabishano yameisha, na huyo muuzaji nimemtumia negativu zote mbili. Ameziona, alama za bluu zipo, jibu hakuna.

Kuanzia leo kila tangazo la "imefanyiwa servisi" nitakaloliona nitaomba chini yake picha moja tu: mlango wazi, mfereji wa upande wa bawaba, kwa karibu. Asiyeweza kuipiga aandike "sponji mbovu" na ashushe bei, tutanunua tukijua. Siuziwi tena mbuzi kwenye gunia.

Na mwenye kujua wapi Kariakoo panauzwa sponji nyeusi laini ya milimita moja na nusu, yenye gundi upande mmoja, aje na duka. Uzi mweusi wa sufu nimeshaupata, unatosha kwa mifereji ya juu na chini. Kilichobaki ni bawaba. Wauza godoro msinijibu.