Siku moja Saanane na watoto wawili na bibi mwenye magoti: tupangeje?

mama_wawili
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Jumamosi tunatoka Sengerema kwenda kisiwa cha Saanane, ile hifadhi ya taifa pale Mwanza, kwenda na kurudi. Tuko watano: mimi na baba watoto, watoto wa miaka 4 na 9, na mama mkwe wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, la kulia zaidi. Naomba ushauri. Tufike saa ngapi? Bibi ataiweza ile miamba? Tubebe chakula gani kisichoharibika? Na watoto wakililia kuoga ziwani niwaruhusu? Nimeambiwa ukiwafuta haraka kwa taulo wakitoka majini hakuna shida.

Mwamba wa Capri Point
Karibuni sana Mwanza, dada. Tangu daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025 foleni ya kivuko pale Busisi imeisha, kwa hiyo ondokeni saa 12 asubuhi mfike mapema. Mkija na basi mtashukia Nyegezi. Chukueni daladala ya mjini, halafu mjini mkodi bajaji hadi gati la TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) Capri Point, msimtembeze bibi.

Asubuhi ndiyo Saanane yenyewe. Pimbi hutoka kuota jua juu ya mawe, na jua likishakuwa kali wanarudi kwenye nyufa, unabaki kuonyesha watoto mawe matupu. Mijusi nao ni hivyohivyo: dume ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu, akikuona anapiga pushapu juu ya jiwe. Mkubwa wa miaka 9 mwambie aangalie michirizi myeupe kwenye miamba. Wengi hudhani ni chokaa au kinyesi cha ndege, kumbe mara nyingi ni mkojo wa pimbi uliokauka, kwa sababu wanakojoa palepale miaka na miaka.

Kisiwa ni kidogo. Hifadhi nzima, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2 na ushee, na ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Bibi asipande Jiwe Kuu. Abaki chini kwenye kivuli karibu na gati na mtu mzima mmoja, wengine wapande na askari wa hifadhi kisha mbadilishane. Viatu viwe raba zenye meno, ndala ziacheni nyumbani. Na hakuna kuingiza mkono kwenye ufa wa jiwe hata kama pimbi kaingia humo, nyoka nao wanapapenda.

Malipo si ya fedha taslimu. Mtapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, basi wekeni salio la kutosha na la makato usiku wa kuamkia safari. Beba kitambulisho cha NIDA na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mdogo, walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio. Uliza pia kama boti inalipiwa kando.

nahodha_Kirumba
Bibi hatasumbuliwa na miamba kama atakavyosumbuliwa na kupanda boti. Mtu mmoja atangulie ndani, mwingine abaki gatini, wote wamshike chini ya kwapa, si kwa vidole. Asubiri boti inyanyuke na wimbi ndipo akanyage, tena akanyage katikati, si ukingoni. Akiwa anapanda, mguu wenye nafuu uanze, akishuka uanze ule wa kulia unaouma. Fimbo aishike mkono wa kushoto.

Majaketi ya kujiokolea mvae mkiwa bado gatini. La mtoto lisome uzito ulioandikwa ndani, kilo ngapi hadi ngapi. Ukishafunga vifungo vyote, shika mabega ya jaketi umnyanyue kidogo. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini atachomoka. Mdogo anahitaji lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja. Bonyeza pia sponji ya jaketi: likibonyea lisirudi, au likisagika ndani kama makapi, dai jingine.

Safari ni ya dakika chache tu, najua. Kivuko cha MV Nyerere nacho kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wanajiandaa kushuka. Kaeni chini hadi boti ifungwe kamba, na msijazane upande mmoja kupiga picha.

Kurudi panga kabla ya saa 8 mchana. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa ziwani unaongezeka na mawimbi yanavunjika vifupivifupi, boti ndogo inarushwa. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini huzidisha hali hiyo.

mama_wawili
Asante sana nahodha. Mdogo nimezoea kumbeba mgongoni kwa kanga, si nimfunge tu hivyo botini?

nahodha_Kirumba
Hapana, mama, hilo usilifanye kabisa. Jaketi la mtu mzima limetengenezwa likulaze chali, uso juu. Mtoto aliye mgongoni anabaki chini yako, ndani ya maji, na kanga iliyolowa haifunguki upesi. Akae kwenye mapaja yako amevaa jaketi lake. Piga simu ofisi ya hifadhi siku moja kabla uulize kama lipo la uzito wake.

Nesi wa Zamu
La taulo naomba tulizungumze vizuri, maana linadanganya wazazi wengi. Kichocho cha huku Kanda ya Ziwa hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye magugu na matete ya ukingoni. Vijidudu vinatoka kwa konokono hasa jua likiwa kali, kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa zilezile za familia kuoga. Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, mtoto akiwa bado anacheza. Taulo haliwezi kutegemewa.

Saanane kwenyewe hakuna mjadala, yale maji yana mamba. Mkishatoka kisiwani, msiwaogeshe ufukweni pia. Wakitaka maji, tafuteni bwawa la kuogelea lililotiwa dawa. Bebeni dumu la lita 5 la maji ya bomba la kunawia mikono, ili asiwepo wa kuinama ziwani.

Ikitokea mtoto ametumbukia, usikimbilie kununua dawa kesho yake. Prazikwantel, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaikwepa. Mpeleke kupima choo baada ya wiki 6 hadi 8, na dozi itapangwa kwa uzito wake. Kabla ya hapo akipata homa na kikohozi kisichoeleweka, mweleze daktari kwamba aliingia ziwani.

Jikoni Pasiansi
Pilau hapana, dada. Wali ukipoa taratibu ndani ya hotpoti kwa saa tano sita unaharibu tumbo, hata kama haujanuka. Beba chapati, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, viazi vitamu, karanga, ndizi. Mkitaka sato, mkaange akauke, mle asubuhiasubuhi.

Maji: lita 2 kwa mtu mzima, lita 1 na nusu kwa kila mtoto. Chupa mbili zigandishe usiku, uzijaze robo tatu tu zisipasuke, kisha zipange juu ya chakula kwa sababu ubaridi hushuka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, tumieni kikapu na vyombo vya kufunga.

Tumbili wanajua sauti ya kifuniko. Mtoto asitembee na ndizi mkononi. Akinyang'anywa, aachie. Aking'atwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

mama_wawili
Mungu awabariki. La mwisho: mvua ikitukuta kisiwani?

Mwamba wa Capri Point
Mkisikia radi hata ya mbali, shukeni miambani mara moja na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ingieni kwenye jengo. Mvua ikikatika, miamba inateleza hata kama inaonekana kavu kwa juu, hasa palipo na kinyesi cha pimbi. Hesabuni nusu saa tangu radi ya mwisho ndipo mwombe boti, na nahodha akisema bado, subirini.