Tiketi mbili, usiku mmoja: Steve Hackett, The Musical Box au Australian Pink Floyd?

Binti_Mvita (Leicester)

Wakuu, habari zenu. Baba anatimiza miaka 72 na nimedunduliza pesa za tiketi mbili, haziongezeki. Alikuwa baharia. Kila meli yake ilipotia nanga Southampton au Rotterdam, alirudi Mombasa na santuri, na sisi watoto tulikulia Kibokoni tukisikiliza Genesis na Pink Floyd, bendi za roki za Uingereza, kwenye spika moja ambayo mama aliifunika leso. Miaka yote hiyo hajawahi kuwaona jukwaani. Sasa anaishi nami hapa Leicester, na kuna maonyesho matatu tunayoweza kuyafikia kwa treni.

La kwanza ni la Steve Hackett, aliyepiga gitaa Genesis kuanzia 1971 hadi 1977, na bendi yake ya sasa. La pili ni la The Musical Box kutoka Montreal. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa Genesis, lakini wanarudisha maonyesho ya zamani kama yalivyokuwa, mavazi kwa taa. La tatu ni la Australian Pink Floyd, wanaopiga nyimbo za Pink Floyd. Baba anavaa kifaa cha kusikia sikio la kushoto, msilisahau hilo. Nyinyi mngempeleka wapi?

Kapteni_Toronto

The Musical Box, dada. Mimi nimewaona mara tatu na ningekwenda tena kesho.

Wengi wanaidharau bendi ya kopi kabla hawajajua inakopi nini. Mwaka 1974 na 1975 Genesis walizunguka na The Lamb Lies Down on Broadway, albamu nzima ya santuri mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku nyuma yao slaidi zaidi ya 1,000 zikibadilika kwenye skrini tatu. Ziara ilipokwisha mwimbaji wao Peter Gabriel akaondoka, na onyesho lile halikupigwa filamu kamili. Aliyelikosa amelikosa. The Musical Box wakapewa slaidi zenyewe na Genesis, wakalisimamisha upya.

Kuna pale mwimbaji anapotoka akiwa amegeuka jitu lenye mavimbe mwili mzima. Anatambaa kutoka kwenye bomba la plastiki lililojazwa hewa, anasimama, na maiki haimfikii mdomoni kwa sababu ya vazi. Gabriel alipata shida hiyohiyo, na hawa wameiacha ilivyo. Nilikuwa safu ya nne, nikaona jasho likimtoka kwenye ukingo wa barakoa.

Phil Collins mwenyewe, mpiga ngoma wa Genesis, alipanda jukwaani nao Geneva mwaka 2005, akakaa kwenye ngoma. Sasa kama mwenye mali ameridhika, sisi ni nani?

Fundi_Spika (Birmingham)

Mimi huendesha sauti kumbini, kwa hiyo nitazungumzia masikio ya mzee.

Australian Pink Floyd ni bendi nzito. Walianzia Adelaide mwaka 1988, na David Gilmour aliwaita wapige kwenye sherehe yake ya miaka 50 mwaka 1996. Hivi majina makubwa mengi hayafiki kwao kwa usafi wa sauti. Ila ni onyesho la leza, skrini ya duara na besi inayopita kifuani. Kwa mtu mwenye kifaa cha kusikia, saa mbili na nusu za namna hiyo ni kazi.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: vifaa vingi vya kusikia vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Vikisikia sauti moja iliyoshikiliwa muda mrefu, vinadhani ni ule mlio wao wenyewe wa kupiga filimbi, vinajaribu kuukata. Na roki hii ya progresivu, ya akina Genesis na Pink Floyd, imejengwa juu ya sauti za namna hiyo! Kinanda cha Mellotron kikishikilia kodi (noti kadhaa kwa pamoja), mzee atakisikia kikitetemeka kama kaseti iliyolowa. Kabla ya siku ile mpeleke kwa mtaalamu wa masikio, amwekee programu ya muziki. Vifaa vingi vinayo, haijawashwa tu.

Kuhusu viti, tafuta karibu na meza ya fundi sauti, kwa sababu pale ndipo anapoamua muziki usikikeje. Chini kabisa ya roshani besi hujikusanya, na mbele ya spika za pembeni utasikia upande mmoja tu. Ukumbi wowote, bendi yoyote.

Nassor_wa_Malindi (Berlin)

Assalaam aleikum. Bwana Kapteni, nakubaliana nawe nusu.

Mimi ni mtu wa Unguja. Kikundi chetu cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na hata mmoja wa waanzilishi hayuko hai. Wakipiga leo, kuna anayesema ni bendi ya kopi? Vijana walikaa chini ya wazee, wakafundishwa, wazee wakaondoka, kikundi kikabaki. Huku Ulaya hesabu yao ni nyingine, wanatazama nani aliandikwa kwenye jalada. Basi waangalie bendi ya Yes. Mwimbaji wao Jon Anderson alipougua mwaka 2008, bendi ilimchukua Benoît David, aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya Montreal inayopiga nyimbo za Yes. Mwaka 2012 akaja Jon Davison, naye alitoka kwenye bendi ya kopi ya Yes. Chris Squire wa besi akafariki 2015, Alan White wa ngoma 2022. Aliyebaki wa zama zile ni Steve Howe wa gitaa. Sasa hapo kopi ni ipi na asili ni ipi? Nimewaona na Davison, na sikutoka ukumbini nikihisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ile sauti ya juu ilikuwa juu pale inapotakiwa.

Palipo tofauti yangu na Kapteni ni kwenye mavazi. Ikhwani Safaa hawavai nguo za 1905. Wanapiga wimbo, hawaigizi siku. Mimi The Musical Box niliwatazama kwa heshima, lakini kila mpiga gitaa alipoinama nilijua ameinama kwa sababu mwenzake aliinama mwaka 1973. Hackett yeye huongeza, hupunguza, humwachia mpiga saksafoni mahali ambapo kwenye rekodi ni filimbi. Wimbo bado unakua. Ningempeleka Baba kwa Hackett.

Kapteni_Toronto

Bwana Nassor, umenigusa mahali, na nitasema ukweli ingawa unanipinga mwenyewe.

Juni 2015 bendi ya Rush ilipiga hapa nyumbani kwao Toronto. Nilikuwa karibu nisiende. Tiketi ilikuwa ghali, na nilijisemea watarudi, wao hurudi kila mara. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Onyesho lilikwenda kinyumenyume, kutoka nyimbo mpya hadi za mwanzo, na kadiri lilivyorudi nyuma mafundi waliovaa ovaroli waliingia wakabeba vitu jukwaani kimoja kimoja. Mwishoni vilibaki vikuza sauti viwili juu ya viti vya shule, kama vijana wanaopiga kwenye ukumbi wa michezo wa sekondari. Watu wazima walilia waziwazi pembeni yangu.

Agosti mwaka huohuo mpiga ngoma wao Neil Peart akapiga onyesho lake la mwisho Los Angeles. Tarehe 7 Januari 2020 akafariki. Bendi za kopi za Rush ziko tele na baadhi ni hodari kweli, nitazipata mwakani na mwaka wa baadaye. Hackett amezaliwa 1950. Dada, nafuta kura yangu.

Mzee_Jinja (Leicester)

Mimi husoma tu humu, siandiki. Lakini leo mmetaja Genesis na Leicester kwa pamoja.

Tuliletwa hapa Oktoba 1972, baba, mama na sisi wanne, baada ya Amin kutufukuza. Duka letu Jinja tuliliacha na bidhaa rafuni. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo gazetini Uganda kutuambia tusije, na tukaja, kwa sababu tulikuwa na shangazi hapa. Nilikuwa na miaka 17, nikapata kazi kwenye kiwanda cha soksi. Kijana mmoja Mwingereza wa mashine ya jirani ndiye mtu wa kwanza kunisemesha kama mtu. Mwezi wa pili akaniambia ana tiketi ya ziada, Jumapili, De Montfort Hall.

Ilikuwa tarehe 25 Februari 1973. Sikujua bendi, sikujua hata aina ya muziki. Jukwaa lilikuwa limefungwa pazia jeupe nyuma, vyombo vyote vya umeme vimefichwa. Taa zikazimwa. Kinanda kikaanza, kodi nzito polepole, kama kanisa kubwa linalosogea. Kisha gizani tukaona macho mawili yanang'aa, rangi imepakwa kuyazunguka na taa ya zambarau inaiwasha, na juu ya kichwa mabawa ya popo. Nilimshika mwenzangu mkono. Hakucheka, naye alikuwa ameshika kiti.

Hackett simkumbuki uso. Alikuwa amekaa kitini, ndevu, miwani, ameinama juu ya gitaa muda wote kama fundi saa. Nakumbuka ule mkono wa kushoto.

Miaka mingi baadaye niliwaona The Musical Box na mjukuu wangu. Bwana Kapteni amesema kweli tupu: pazia lilikuwa lilelile, macho yaleyale, mabawa yaleyale. Nilitokwa na machozi na nawashukuru wale vijana mpaka leo. Ila macho yalipowaka, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mwaka 1973 hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa hatujui ni nini.

Binti_Mvita (Leicester)

Shikamoo Mzee. Nimesoma maneno yako kwa sauti mbele ya Baba, akanyanyuka bila kusema, akaenda kwenye kabati, akarudi na santuri ya Genesis Live. Sehemu yake ilirekodiwa De Montfort Hall usiku huohuo! Tunaishi umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka ukumbi ule, na mimi nilidhani ni jina tu kwenye jalada.

Nikamuuliza moja kwa moja anataka nini. Akasema mavazi ameyaona kwenye picha, ngurumo amezisikia. Alipokuwa nchi kavu alikuwa akipiga udi arusini, mnaomjua mtamkumbuka, na kuna kipande kifupi cha gitaa peke yake kwenye albamu ya Genesis, Foxtrot, ambacho alijaribu miaka kukihamishia kwenye udi kikamshinda mahali pamoja. "Nataka kuuona mkono ukipita pale." Basi ni Hackett. Fundi, asante, mtaalamu wa masikio ni Jumanne.

Mzee_Jinja (Leicester)

Marahaba binti yangu. Nimenunua tiketi yangu. Tutakutana kwa chai kwanza.

Binti_Mvita (Leicester)

Nimerudi na habari.

Tulikaa safu mbili mbele ya meza ya fundi. Programu ya muziki ilifanya kazi, Baba alisema vinanda vimenyooka. Mwimbaji hakuvaa barakoa, na baada ya wimbo wa pili nilisahau kuitafuta. Ngoma zilikuwa kali kuliko kwenye rekodi, kwa ladha yangu zimezidi kidogo. Kisha bendi yote ikatoka, Hackett akabaki peke yake na gitaa la nyuzi za nailoni. Kipande hakifiki hata dakika mbili. Baba alikuwa ameinama mbele, vidole vyake vya kushoto vinatembea juu ya goti. Mahali fulani vikasimama, akaniegemea sikioni: "Anafungua uzi wa chini. Mimi nilikuwa nikiubana."

Kesho yake Mzee Jinja akaja kwetu na mahamri. Tukaiweka ile santuri, spika ikiwa bado na leso ya mama, nilikuja nayo. Wazee wawili wakakaa kimya upande mzima. Wimbo ulipokwisha na makofi yakaanza, Mzee akanyoosha kidole kuelekea spika, upande wa kulia. "Tulikuwa hapo," akasema.