MREJESHO: Nyanya zangu zilizonyauka masika, Tanga

Wadau, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Mwezi wa nne niliuliza kwa nini nyanya zangu za uani zinanyauka ghafla majani yakiwa bado kijani, mvua ikiwa imekolea.

Ahsanteni sana. Aliyeniambia nikate shina nilining'inize kwenye glasi ya maji safi, Mungu akubariki. Dakika chache tu ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Kumbe ni mnyauko bakteria, na zile dawa za ukungu nilizokuwa nanunua haziugusi kabisa! Niling'oa miche yote nikaichoma.

Nikainua matuta ili maji yasituame, nikaweka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Pale penye nyanya nilitaka kupanda bilinganya, mkanizuia kwa kuwa ni ukoo mmoja na zinaambukizwa vilevile. Nikapanda mchicha na kunde. Mchicha tulianza kuchuma wiki ya nne, hadi jirani amepata.

Nyanya nyingine nilizopanda kwenye ndoo zimenipa zaidi ya nusu. Ndoo 8, zimezaa 5. Tatu zilinyauka, nazo ndizo nilizojaza udongo wa uani. Zile za udongo wa kutoka mbali ziko salama. Nadhani jibu ni hilo: ugonjwa uko kwenye udongo wa uani.

Maji ya mwarobaini yamepunguza vidukari kwenye kunde, ila lazima urudie kila mvua ikinyesha.

Vuli hii tuta lile napanda mahindi. Nyanya zinabaki kwenye ndoo.