Nimeachiwa mbwa wa kuwinda, nyumbani mambo yamekuwa magumu. Naombeni ushauri

Dereva wa Tengeru
Habari za jioni wadau. Nilikuwa dereva wa familia moja ya Wajerumani hapa Arusha kwa miaka 6. Mwezi wa pili mkataba wao uliisha, wakarudi kwao, wakaniachia mbwa wao Bruno. Nilimpokea kwa moyo mmoja, maana nimemjua tangu analetwa akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kikapu. Ni dume la miaka 3, kahawia mwenye madoa meupe, masikio ya kulala. Jamii yake ni German Shorthaired Pointer.

Kule alikuwa na uwanja mkubwa, na mama mwenye nyumba alikuwa anakimbia naye kila alfajiri. Kwangu ni kiwanja cha kawaida. Nina mke, binti wa miaka 9, kijana wa miaka 4, na mama yangu mzazi. Nikafanya kama tunavyofanya kwa mbwa wote: mchana bandani, usiku nje alinde. Halindi. Usiku kucha analala mlangoni akilia. Mchana anakwangua mlango wa banda mpaka kucha zinatoka damu.

Wiki iliyopita alichomoka akaingia kwa jirani. Nilimkimbilia nikamkuta amesimama mbele ya mtetea, mguu mmoja wa mbele ameukunja hewani, mkia umenyooka, hatikisiki hata sikio. Nikajua amemwogopa. Mtetea aliporuka tu, kazi ikaanza. Kuku watatu, nimelipa 60,000. Wa mwisho aliniletea mpaka miguuni, akamweka chini taratibu, akawa ananitazama usoni.

Watoto wanampenda sana. Mama anasema mbwa hakai ndani na watu. Mke wangu anahofia huyu mdogo ataangushwa. Nimgawe, au kuna namna ya kuishi naye?

Kijana wa Kwa Mrombo
Pole mkuu. Mbona dawa unayo? Jumapili mpeleke nyika za Monduli huko, kanga na kwale wamejaa. Akiwinda mara moja kwa wiki atatulia.

Dokta Mifugo
Ndugu yangu wa Kwa Mrombo, tafadhali usimwingize mwenzako matatani. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kanga na kwale ni wanyamapori kama wengine.

Dereva, naongea kama mtu wa mifugo. Mbwa huyu ana manyoya mafupi yaliyolala. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko Tengeru itamuumiza, kwa hiyo kumlaza nje siyo sahihi hata tukiacha kulia kwake. Kila jioni mpapase kutafuta kupe, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Ukiona amezubaa, hali chakula, fizi zimepauka au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, usisubiri kesho, mlete kwa daktari. Na nakuomba sana, usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Nimeona mbwa wakifa kwa hilo.

Jambo lingine: ana kifua kirefu, na mbwa wa umbo hilo tumbo huweza kujaa hewa na kujipinda. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, asikimbie akishashiba. Tumbo likivimba na anataka kutapika lakini hakitoki kitu, hapo mnahesabu saa chache tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ina tarehe gani kwenye kadi yake?

Shangazi wa Hannover
Mdogo wangu, nimesoma habari zako nikaona nikujibu kwa urefu, maana nina mmoja wa jamii hiyo hiyo, jike, mwaka wa tano sasa. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, niko Ujerumani miaka mingi.

Huku wanamwita Deutsch Kurzhaar. Wawindaji wa karne ya 19 walitaka mbwa mmoja anayefanya kazi zote: atafute ndege majanini, asimame amwonyeshe bwana wake alipo, kisha amlete akishapigwa, hata majini. Ule mguu uliouona umekunjwa siyo woga. Ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, alikuwa anakwambia "yuko hapa". Na yule kuku aliyekuletea miguuni, kwa akili yake alikutumikia. Kwa hiyo usimchape kwa hilo, hataelewa kosa ni lipi.

Wafugaji wengi wa huku hawamuuzi kwa mtu asiye mwindaji. Wa kwangu nilimtoa kwenye kituo cha mbwa walioachwa, kwa sababu hizo hizo zako: watu walipenda sura yake, kazi hawakuwa nayo. Miezi mitatu ya mwanzo nililia. Nilikuwa namkimbiza kwa baiskeli kilomita kumi, anarudi anakunywa maji, anasimama mlangoni anataka tena. Nilikuwa namjenga mapafu tu!

Kilichotuokoa ni pua. Chukua soksi nene kuukuu, ijaze maranda, ifunge. Binti yako aifiche, kwanza mahali pa wazi, halafu migombani, halafu juu ya tawi la chini. Bruno akae kwanza, asubiri, ndipo aambiwe "tafuta". Akiileta mkononi apate kipande kidogo cha dagaa. Dakika 20 za namna hiyo asubuhi na 20 jioni, pamoja na matembezi ya saa moja, atalala kama gogo. Huku jimboni kwetu Niedersachsen, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Julai sheria inatutaka mbwa wawe kwenye kamba maporini na mashambani, wanyama wanazaa. Miezi hiyo yote sisi ni soksi na kamba ndefu, na jike langu halijaharibika.

Kuhusu mama, mdogo wangu, usishindane naye. Muombe kona moja tu, jikoni au ukumbini, kwenye gunia lake. Mbwa hawa hawawezi kukaa mbali na watu wao.

Wa Ngong
Niaje ndugu. Nakubaliana na Shangazi. Mimi nilikuwa na shida ya kuku pia. Tumia kamba ya mita kumi, ifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Mpeleke mbali na kuku, mbali kabisa, pale anapowaona lakini bado anakusikia. Piga filimbi, akigeuka mpe kitu. Kila siku sogea hatua chache. Ilinichukua kama miezi miwili. Na usimwamini akiwa peke yake na kuku, hata baada ya miaka. Rekebisha ua wako kabla ya yote.

Huyo kijana wa miaka 4 asiachwe na mbwa bila mtu mzima. Si kwamba ni mkali, ni uzito: karibu kilo 30 zikikuja mbio, mtoto anaanguka.

Abuu Tanga
Assalaam alaykum. Kama majirani ni Waislamu, waendee mwenyewe uwaeleze. Mbwa wa kuwinda aliyefunzwa ametajwa kwenye Qur'ani, Suratul Maida aya ya 4, hivyo si kwamba watamchukia. Kinachowapa shida ni mate yake kwenye vyombo na nguo. Ukipita kwao mshike kamba fupi.

Mama Neema
Mimi nasema tofauti, na nasema kwa upendo. Kama asubuhi unatoka saa 11 unarudi saa 2 usiku, mtafutie mtu mwenye shamba na muda. Kumng'ang'ania kwa sababu ya kumpenda kutamtesa yeye.

Dereva wa Tengeru
Wadau nimerudi, wiki ya tano sasa. Asanteni wote. Mama Neema, maneno yako yalinikosesha usingizi. Tulikaa mimi na mke wangu tukahesabu saa zetu kweli kweli. Sasa natoka naye saa 11 kabla ya kazi, na jioni binti anafanya naye soksi. Tumekubaliana tukishindwa hadi mwezi wa nane, tutamtafutia mtu.

Banda nimelivunja, mabati yameziba ua upande wa jirani. Mama alikubali kona ya jikoni "kwa sababu ya baridi tu". Juzi nimemkuta amekaa anachambua maharage, Bruno amelala kichwa juu ya kandambili zake, na hakumfukuza.

Jana tukapita njiani, kuku wa jirani wakavuka. Akasimama, mguu juu, anatetemeka mwili mzima. Nikapiga filimbi. Alikaa kama nusu dakika, nikahisi kamba inakaza, halafu akageuka akaja. Nilimkumbatia pale pale barabarani.

Dokta, kadi nimeitazama, chanjo imepitwa na miezi miwili. Kesho asubuhi nampeleka.